Aliyetoa Mchwa Haachi Kugonga Nguzo

"Aliyetoa mchwa haachi kugonga nguzo." Ndivyo Bibi Chausiku alivyomjibu binti yake Mwanakheri kwenye simu, kisha akaikata bila hata kuaga. Mwaka uliopita Mwanakheri alikuwa amepasuliwa uvimbe wa saratani, na asubuhi hiyo alikuwa amepiga kusema kwamba kliniki ya mwezi huu ataiacha ipite, maana anajisikia mzima kama kigori. Wanawe wawili, Zubeda na Mhina, walikuwa likizo kwa bibi yao, wamekaa barazani wanachambua kunde. Wakauliza, mama yao na mchwa wapi na wapi?

"Kumbe hamjaambiwa," alisema Bibi, akivuta ungo karibu. "Maneno haya yalizaliwa kwenye uwanja huu huu, na mjinga wa kisa chenyewe ni mimi."

Mambo yalikuwa hivi. Zamani hizo Chausiku alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, akiishi kwa kaka yake Semboja na mkewe Mwantumu. Semboja alikuwa seremala, mtu wa maneno machache. Mwantumu ndiye aliyemlea Chausiku tangu alipofiwa na mama, akamfundisha kusuka ukili, kupika bada, ule ugali wa muhogo, na kumjibu mtu mzima bila kumvunjia heshima. Wifi wa namna hiyo siku hizi utamtafuta kwa tochi mchana. Chausiku alimpenda kuliko alivyojipenda mwenyewe.

Mwantumu alipopatwa na uvimbe kwenye titi, alipelekwa hospitali kubwa ya mjini, na Chausiku ndiye aliyemuuguza. Alilala chini ya kitanda chake wiki saba. Siku ya kuruhusiwa nyumbani, muuguzi mmoja mnene, mkali, aliwakabidhi bahasha kubwa ya kaki. Ndani mlikuwa na karatasi ya upasuaji, majibu ya maabara, na kadi yenye tarehe za kurudi kila baada ya miezi mitatu.

"Bahasha hii ni kama mtoto mchanga," alisema muuguzi. "Haiachwi peke yake."

Mwantumu akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Mara ya kwanza walirudi kliniki kwa tarehe yake, na daktari akasema kidonda kimefunga vizuri. Basi nyumbani pakawa sherehe. Ikasomwa dua, ukapikwa wali wa nazi, na majirani wakaja kumpa mkono Mwantumu na kumwambia amezaliwa upya. Jinsi watu walivyopendana siku hizo, hata waliokuwa wamenuniana walikula sinia moja.

Sasa, ilikuwepo desturi. Mtu akiinuka kutoka ugonjwa mkubwa, vitu vya uuguzi havibaki nyumbani. Hufungwa bunda, hupelekwa njia panda, huchomwa moto, ili maradhi yasijue njia ya kurudi. Kesho yake asubuhi Chausiku akafunga bunda. Akatia kanga za wodini, sahani, kikombe, mabaki ya bandeji, na ile bahasha ya kaki. Chupa ya chai waliyoitumia wodini ilikuwa mpya, yenye maua mekundu, na moyo wake ukakataa. Akaiacha. Vingine vyote akaviteketeza njia panda, akarudi anaimba.

Mwantumu alipouona msumari mtupu aliuliza. Chausiku akamweleza kwa furaha, kama mtu aliyeleta zawadi. Mwantumu akasema, "Haya, labda ndiyo heri." Na yeye alikuwa amechoka. Alichoka kuvuliwa nguo mbele ya wageni, na majirani hawakuacha kumwambia, "Umeshapona, hospitali unafuata nini tena? Mwacheni simba alale." Tarehe ya pili ikafika, ikapita. Hakuna aliyeitaja. Lakini Chausiku alianza kuona wifi yake akisuka, mara anasimamisha mkono na kutazama pembeni.

Semboja wakati huo alikuwa kazini mbali, anaezeka shule. Aliporudi, Ijumaa yake ya kwanza nyumbani, alifanya kama alivyofanya kila Ijumaa. Miaka miwili nyuma mchwa walikuwa wameipanda nguzo ya kati. Alichimba mpaka akamtoa malkia wao, mnene kama kidole gumba, kijiji kizima kikaja kumtazama. Tangu hapo, kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, alizunguka nyumba akigonga kila nguzo kwa mpini wa patasi huku ameweka sikio. Nguzo nzima hujibu kwa sauti nzito, iliyoliwa ndani hulia kama kibuyu kitupu.

Chausiku alikuwa akifagia. Akamtania, "Kaka nawe! Mchwa si ulishawatoa? Unagonga nini kila wiki, unapiga ngoma?"

Semboja hakuondoa sikio. "Nilitoa niliowaona," alisema. "Ninaowagongea ni wale ambao sikuwaona."

Ufagio ukamponyoka Chausiku. Alipogeuka, Mwantumu alikuwa amesimama mlangoni, mkono umeshika kwapa.

"Na mimi walitoa walichokiona," alisema Mwantumu taratibu. "Mume wangu, tarehe yangu imepita wiki tano. Na hapa kuna kitu, kama punje ya choroko."

Chausiku aliangua kilio. Akapiga magoti, akasema yote: bunda, njia panda, moto. Alingoja kaka yake afoke. Semboja aliweka patasi chini, akauliza jambo moja tu: "Kimebaki nini?"

Kilichobaki kilikuwa ile chupa ya chai. Chausiku aliikimbilia, akaipindua. Chini yake ilibandikwa plasta, na juu ya plasta yule muuguzi mkali alikuwa ameandika jina la Mwantumu na namba ya faili, ili chupa isipotee wodini. Kesho yake alfajiri walikuwa njiani, Chausiku ameipakata chupa tupu kama mtoto.

Kwa namba ile faili likapatikana. Daktari alipapasa kwapa, akatikisa kichwa, akasema, "Mmechelewa, lakini mmewahi. Mngengoja mwaka, nisingekuwa na la kuwaambia." Mwantumu akapasuliwa tena, akachomwa mionzi, akapona pole pole.

Safari hii hakuna aliyepika wali wa kuaga maradhi. Semboja alitengeneza kijisanduku cha mbao chenye kufuli, bahasha mpya ikakaa humo. Chausiku akanunua daftari, akaandika kila tarehe na kila neno la daktari. Kila walipotoka kliniki, Semboja alichonga alama moja kwenye nguzo ya kati. Na kila Ijumaa, mume alipogonga nguzo nje, mke alikuwa chumbani akijipapasa kwa vidole, kwapa hadi kovu, kisha anapaza sauti, "Kwangu kuzima! Kwako je?" Naye hujibu, "Kuzima!" Majirani walicheka mwanzoni. Baadaye wakawa wanaambiana wao kwa wao, aliyetoa mchwa haachi kugonga nguzo.

Hapo Bibi Chausiku akamaliza kisa chake. Wifi yake alifariki kwa uzee, meno yameisha lakini kicheko hakijaisha, na hakuna siku ambayo Bibi hakumkumbuka. Nyumba ya udongo ilibomolewa, ikajengwa ya matofali, ila ile nguzo ya kati Bibi hakukubali itupwe. Sasa ilisimama barazani, nyuma ya mgongo wake. Zubeda akainuka, akahesabu alama kwa kidole. Zilikuwa arobaini na tatu.

Mhina aliichukua simu ya bibi yake, akampigia mama.

"Mama," alisema, "bahasha yako ya hospitali iko wapi?"

Mwanakheri akasema, kwa sauti ndogo, sijui, labda kabatini, kwani vipi?

"Itafute sasa hivi, hatukati simu. Aliyetoa mchwa haachi kugonga nguzo."