Zimwi Lililomeza Mfereji

Paukwa.

Pakawa.

Tulieni, niwapandishe mlima.

Tupandishe, babu, tumetulia.

Palikuwa na kijiji kikiitwa Kirweni, chini ya mlima wenye vilele viwili. Kilele cha theluji kinaitwa Kibo. Kile chenye meno kinaitwa Mawenzi. Msivichanganye, maana hadithi hii ni ya Mawenzi.

Watu wa Kirweni walinywesha migomba yao kwa mfereji mmoja uliotoka juu kabisa. Siku moja mfereji ukakauka. Migomba ikalegea majani, ng'ombe wakalamba matope. Wazee wakasema, "Maji yasiporudi kabla ya mwezi kuandama, tutahama."

Palikuwa na kijana, jina lake Ndesanjo. Wengine walimwita Sanjo, lakini kwa jina hilo hakuitika. Akasema, "Nitaufuata mfereji mpaka pale ulipokatika."

Rafiki yake Kirita akamwuliza, "Ukienda peke yako, utaongea na nani?"

"Nitanyamaza."

"Ndiyo maana ninakuja."

Basi wakatia magimbi, ndizi za kuchoma na ngozi mbili za kulalia katika kapu moja. Mmoja akichoka kulibeba, mwenzake alipokea.

Siku ya kwanza wakapita msituni, penye miti yenye ndevu. Jioni wakasikia sauti kutoka juu, nzito kama jiwe linaloviringika.

"Nani anapanda mlima wangu?"

Ndesanjo akajibu, "Ni sisi wawili, na mzigo mmoja."

"Nani bwana, nani mchukuzi?"

Kirita akasema, "Asubuhi bwana ni mimi. Mchana nageuka mchukuzi. Jioni hatukumbuki."

Wakalala.

Siku ya pili wakapita nchi ya nyasi, penye mimea mirefu iliyosimama kama watu waliojitanda blanketi. Baridi ikawauma masikio. Jioni sauti ikaja, karibu zaidi.

"Nani anapanda mlima wangu?"

"Ni sisi wawili, na mzigo mmoja."

"Mmoja wenu arudi, nitampa ng'ombe."

"Ng'ombe atakunywa nini?" akauliza Kirita.

Siku ya tatu wakafika penye mawe matupu. Pumzi zikawa fupi. Mfereji ulikuwa mkavu njia nzima, na maji waliyobeba yakawa yamekwisha. Sauti ikaja kutoka nyuma ya jabali.

"Nani anapanda mlima wangu?"

"Ni sisi wawili," akasema Kirita, akakohoa kwa kiu. Ndesanjo akamalizia, "Na mzigo mmoja."

Basi wakazunguka jabali. Hapakuwa na zimwi walilolitarajia. Palikuwa na pango, na mlangoni ameketi bibi kizee mwenye tumbo kubwa mno. Mkononi alikuwa na kibuyu.

"Shikamoo, bibi," wakasema.

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmekauka midomo. Nyweni."

Kirita akanyoosha mkono. Ndesanjo akamshika. "Kirita, hajaonja."

Maana kwao, mwenye kinywaji huonja kwanza mbele ya mgeni, ndipo mgeni anywe. Mtoto mdogo wa Kirweni alilijua hilo.

"Liambie koo langu," akasema Kirita, na akanywa.

Papo hapo nyayo zake zikageuka mawe. Mawe yakapanda mpaka magotini. Bibi akacheka, na meno yake yakarefuka, na kivuli chake kikajaa pangoni. Lilikuwa zimwi, na ndani ya tumbo lake mfereji wote wa Kirweni ulikuwa ukivuma.

"Aliyekunywa kibuyu changu ni mgeni wangu milele," likasema. "Ndiyo sheria. Lakini wewe uliyebaki, nakupa maji. Mwache huyu, nami nitafungua mfereji leo."

Ndesanjo akawaza migomba, akawaza wazee wakifunga mizigo.

Kirita akasema, "Chukua maji, ndugu yangu. Mimi nimeshafika."

"Nyamaza kidogo, Kirita."

Ndesanjo akaweka kapu chini, akaligeukia zimwi. "Wewe ni mtu wa sheria?"

"Tangu mlima huu uumbwe sijavunja sheria hata moja."

"Basi umevunja leo. Ulijiita bibi yetu, ukatukaribisha kama watu wa kwetu. Kwetu mwenye kibuyu huonja kwanza. Wewe hukuonja. Kwa hiyo hujakaribisha mtu, na huyu si mgeni wako. Ni mpita njia aliyekunywa maji yako. Mwachie."

Zimwi likakunja uso. Likatazama kibuyu, likatazama miguu ya Kirita. Kuachia halikutaka. Kuitwa mvunja sheria halikutaka pia.

"Nikionja sasa, sheria itakuwa imetimia?"

"Hapo sitakuwa na neno."

"Tone moja tu," likasema zimwi. Likafungua kinywa, likadondosha tone moja ulimini.

Tone lile lilitosha. Ulimi ukawa jiwe, mdomo ukawa jiwe, nao ulikuwa wazi wala haukufungika tena. Tumbo likanguruma, na maji yote yakatoka kwa kishindo kupitia kinywa kile. Yakamlowesha Kirita, na magoti yake yakalainika, na nyayo zake zikarudi.

"Yana baridi," akasema Kirita.

"Kunywa sasa. Mwenyewe ameonja."

Wakashuka. Maji yaliwatangulia kwa siku nyingi. Walipofika Kirweni, ng'ombe walikuwa wameshiba, na watu wawili walikuwa wakigombania zamu ya kumwagilia. Mzee mmoja akawauliza vijana, "Nyinyi mlikuwa wapi siku zote hizi, watu wanazibua mfereji?"

Kirita akafungua kinywa kueleza. Ndesanjo akamvuta mkono, wakaenda kulala.

Basi hadithi yangu nimeifikisha chini salama, na hapa naitua. Mafunzo yake ni haya: ukiambiwa umwache mwenzako ili ufanikiwe, usikubali upesi. Kaa ufikiri, maana huenda iko njia ya kurudi pamoja.