Pini Zenye Kutu

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme, ni ya juzijuzi tu, Korogwe palikuwa na fundi wa kujalidi vitabu aliyeitwa Tunu. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na sifa alizipenda, tusimfiche.

Siku moja mjomba wake, Shomari, akamletea gazeti la katuni, toleo la kwanza kabisa. Mjini yalibaki mawili tu, hilo na la Mwalimu Semboja. Maktaba ilitaka kuweka moja kwenye kabati la kioo pamoja na jina la mwenyewe, mradi liwe halijaguswa na fundi. Sasa, hilo la mjomba pini zake zilikuwa zimekatika, na kona ya ukurasa wa mwisho imeliwa na panya.

Tunu akalibana kwa pini nyingine, akaunga kona kwa karatasi ya zamani. Mzee Chande, yuleyule aliyelichora ujanani, akaijaza kona kwa wino. Mjomba akajaza fomu: halijaguswa.

Siku ya kupimwa, mwamuzi wa maktaba akalipapasa, akalinusa, akalichagua. Tunu akavimba kichwa. Mtu mzima mwenye miwani, na hakuona kitu!

Mara Mwalimu Semboja akaja na gazeti lake lililochakaa, akampa mkono.

"Hongera, mwanangu. Nyinyi mmelitunza. Hili alilipenda marehemu mke wangu, nami nimeliacha likaharibika."

Uso wa Tunu ukamshuka. Akatamani ardhi immeze. Mzee wa watu anajilaumu kwa uzembe ambao hakuufanya! Akasema mbele ya wote: "Mwalimu, letu limetengenezwa."

Mwamuzi akawaita watatu: mjomba, Mzee Chande na Tunu.

Mjomba akasema, "Karatasi ni ya zamani, pini ni za zamani. Niliandika nilivyoamini. Na kama si mimi kulileta kwa fundi, lingeishia kwa panya."

Mzee Chande akasema, "Mkono ulioligusa ndio uliolichora. Tangu lini mtu akakatazwa kazi yake mwenyewe?"

Tunu akasema, huku akitazama viatu vyake, "Mimi nililibana tu lisisambaratike. Fomu sikujaza, katuni sikuchora." Kisha akasema, "Lakini pini mpya ninazo tele. Nilitafuta zenye kutu siku nzima, ili mtu asijue."

Mjomba akamgeuzia mgongo. Mwamuzi akamfuata Mwalimu mlangoni, akamwomba alete lake likae kabatini. Mwalimu akakataa. "La kwangu halina ukurasa wa mwisho. Watoto watamalizaje hadithi? Wekeni lao."

Likawekwa. Na watatu wale, kila wakipita maktaba, kila mmoja humtazama mwenzake.

Haya, nyinyi mliokaa kimya hapo, msinikwepe: yupo aliyeficha, yupo aliyechora, yupo aliyeandika. Je, ni nani kati yao aliyestahili kuinamisha kichwa mbele ya Mwalimu?