Jogoo Aliyeshindwa Kusema "Sina"

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa Jogoo na madeni yake.

Nyinyi wa nyuma hamkuitikia. Mnaogopa nini? Sijaja kudai. Paukwa tena.

Pakawa.

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama wote walipokuwa wakiishi kijiji kimoja na kuchangiana harusi, palikuwa na Jogoo. Jogoo huyu alikuwa na sauti. Kila alfajiri anapanda juu ya banda lake, anavuta pumzi, anasema: "Ipooo!" Maana yake alfajiri ipo, amkeni. Na kijiji kizima kinaamka.

Sasa, kwa sauti ile kubwa na kile kishungi chekundu, wanyama wakamwona Jogoo ni tajiri. Na Jogoo akaona kwamba wanamwona. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Akaja Bata. "Mkuu, namwoza binti yangu, na wewe tumekuweka kwenye kamati. Nafaka ya mchango ipo?"

Ghala lilikuwa nusu. Jogoo akatoa kifua. "Ipo."

Akaja Mbuzi. "Bosi wangu, kijana anakwenda ng'ambo kuchukua digrii ya kula majani. Nafaka ya nauli ipo?"

Ghala lilikuwa na vumbi. Jogoo akatoa kifua. "Ipo."

Akaja Bata tena. "Mkuu, harusi imepita salama. Sasa kamati imechoka, lazima tuifanyie sherehe ya kuivunja. Nafaka ipo?"

Ghala lilikuwa na panya mmoja, naye alikuwa anafungasha. Jogoo akatoa kifua. "Ipo."

Mkewe, Mtetea, akamvuta kando. "Baba Vifaranga, ipo wapi?"

"Ulitaka nimjibuje?"

"Ungesema sina."

"Mbele ya Bata?"

"Basi jaribu mbele yangu."

Jogoo akajaribu. "Si... si..." Akakohoa. "Siwezi, mke wangu. Neno lenyewe lina miiba."

Basi hiyo nafaka ilitoka wapi? Ilitoka kwa Fisi. Fisi alikuwa anakopesha. Mkopo wake uliitwa kausha damu, na hakuficha, jina hilo kaliandika mlangoni kwa rangi nyekundu, na foleni ilikuwa ndefu vilevile. Unachukua gunia moja, unarudisha mawili. Mara ya kwanza Jogoo akaweka ghala dhamana. Mara ya pili akaweka banda. Mara ya tatu hakuwa na cha kuweka. Fisi akamchungulia kooni.

"Hiyo sauti, je?"

"Sauti yangu?"

"Usiogope, mkuu. Tunaandikishana tu, utaratibu wa ofisi."

Jogoo akabonyeza ukucha kwenye wino.

Siku ya kulipa ikafika. Siku ya kulipa haichelewi, kinachochelewa ni mshahara. Fisi akaja na dalali wake, Ngedere, anapiga debe: "Mnada, mnada, mali ya mtu mzima aliyeshindwa." Ghala likaenda. Banda likaenda. Kigoda cha Jogoo akakinunua Bata, akakikalia palepale kukijaribu. Kamati nzima ilikuwepo, na siku hiyo hakuna aliyechelewa kikao.

Mwisho Fisi akampanua Jogoo mdomo, akaivuta ile sauti taratibu kama anavuta uzi, akaitia kwenye kibuyu, akaziba. Jogoo akaachiwa kasauti ka kunong'onezea.

Wakahamia jalalani. Mtetea hakungoja kesho. Aliinama palepale akaanza kuchakura: punje hapa, mdudu pale. Na Jogoo? Jogoo alisimama pembeni, kifua mbele, kama mkaguzi wa takataka. Wapita njia wakimwangalia, ananong'ona: "Tumekuja kupunga upepo."

"Upepo gani huu, Baba Vifaranga?" Mtetea akasema. "Watoto wamekula mara moja tangu juzi."

Jogoo akaenda kutafuta msaada. Akaenda kwa Sungura. Huyu alikuwa na digrii ya uchumi. Alizunguka msitu mzima na vyeti kwenye bahasha, kazi hakuna, akaamua kuwafundisha wengine jinsi ya kufanikiwa. Kiingilio punje kumi.

"Kaka, tatizo lako ni maindiseti, namna unavyofikiri," Sungura akasema. "Kila asubuhi jitamkie utajiri. Sema: ipo, ipo, ipo."

"Hilo ndilo lililonifilisi."

"Basi hukulitamka kwa imani. Semina ya pili ni punje ishirini."

Jogoo akarudi jalalani. Alipofika, akamkuta Fisi amekaa juu ya ndoo iliyotoboka, kibuyu mapajani, anatabasamu meno yote.

"Mkuu, nakuonea huruma. Nakukopesha magunia mawili, unanunua sauti yako leo leo. Kesho alfajiri uko juu ya banda."

"Banda lipi?"

"La kukopa. Nalo ninalo."

Jogoo akakitazama kile kibuyu. Ndani yake aliisikia sauti yake ikigonga, ipo, ipo, kama kifaranga ndani ya yai. Machozi yakamlengalenga. Akanyoosha ukucha. Fisi akafungua wino.

Wakati huohuo akatokea Bata na kamati nyuma yake, Mbuzi akiwemo. Bata hakuona jalala, hakuona vifaranga waliokonda. Aliona kishungi tu.

"Mkuu, tulikuwa tunakutafuta. Binti yangu anatimiza mwezi mzima kwenye ndoa na hajarudi nyumbani. Tunafanya sherehe. Nafaka ipo?"

Kamati inamtazama. Fisi anamsogezea wino. Mtetea akaacha kuchakura, akainua kichwa.

Jogoo akafumba macho. "Si..."

"Unasemaje, mkuu?" Bata akauliza.

"Si... si..."

"Ipo, eh? Andika, katibu."

"Sina."

Ilitoka kubwa. Ilitoka kooni kwake bila kibuyu, ikapiga mlima, ikarudi. Hata yeye alishtuka. Akajaribu tena, akaona tamu: "Sina-kituuu!"

Mbuzi akacheka mpaka akakaa chini. Kamati ikacheka. Bata akasema, "Haya," akageuka kwa katibu. "Nani anafuata? Kanga? Twendeni kwa Kanga."

Yakaisha hapo. Mbingu haikuanguka.

Fisi peke yake hakucheka. Akatikisa kibuyu. "Na hii, je? Nimeingia hasara."

"Kaa nayo," Jogoo akasema. "Nina nyingine."

Kisha akainama mbele ya kijiji chote, akaanza kuchakura kando ya mkewe. Punje kwa punje wakala. Punje kwa punje wakaweka. Msimu ulipogeuka wakajenga banda dogo, la mlango mmoja, na halikuwa na deni hata la msumari.

Ndiyo maana mpaka leo jogoo akiamka, kwanza anautangazia mtaa mzima: sina-kituuu. Akishatangaza, anashuka kuchakura kwa amani, na hakuna anayemletea kadi ya mchango.

Na Fisi? Fisi hakutaka hasara. Aliinywa ile sauti mwenyewe. Ndiye mnayemsikia usiku, anazunguka nje ya nyumba za watu waliokwama, anaita: "Uuu-ipo! Uuu-ipo!" Ukimfungulia atakuuliza dhamana.

Mnataka na funzo, bila kiingilio? Haya. Kama huna, sema huna, tena useme mapema ukiwa bado na banda. Na ukishafilisika, anzia hapohapo ulipoangukia, hata kama ni jalalani, wala usingoje kwanza watu wapite. Heshima yako usiinunue kwa mkopo wa yuleyule aliyeichukua.

Hadithi yangu naifunga. Anayetaka kuifungua, ufunguo sina.