Kicheko cha Jumapili

Hapo zamani, wala si zamani ya sungura na fisi, ni zamani ambayo baadhi yenu hapa mlikuwa mmeshaanza kunyoa ndevu, palikuwa na mji wa reli huko bara. Katika mji huo palikuwa na jumba la sinema, na nje ya jumba hilo, penye ukuta wa mlango wa pembeni, palikuwa na mwanamke akikaanga mihogo. Jina lake Sikudhani. Kaeni vizuri basi, maana mwishoni nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie mwanzo haukumfikia.

Sikudhani alikaanga mihogo pale tangu ujana wake mpaka jumba lilipofungwa na kugeuzwa ghala la saruji. Muda wote huo hakuwahi kuingia ndani. Msimwonee huruma mapema, hakukatazwa na mtu. Mafuta yakiwa motoni huwezi kuyaacha ukaenda kuangalia picha. Kwa hiyo picha alizisikiliza. Alikaa kwenye kigoda chake, mgongo ukutani, akasikia farasi, akasikia ngumi, akasikia watu wanaopendana wakiimbiana kwa lugha asiyoijua, na kila sauti akaipa sura kichwani mwake. Kesho yake, pale bombani, aliwasimulia wenzake picha nzima. Nao walimwamini, kwani nani alikuwa na habari zaidi yake?

Sasa hapa ndipo penyewe. Siku za picha zilikuwa Jumamosi na Jumapili. Jumamosi Sikudhani alifika mapema. Wateja wakatoka mapumziko, mihogo ikaisha, akabeba karai lake akarudi nyumbani. Kwa hiyo Jumamosi alisikia nusu ya kwanza tu. Jumapili mihogo ilikuja na treni ya mchana, na treni ile ilichelewa kama desturi yake, hivyo mpaka amenye, aoshe, akaange, alifika pale mapumziko yameanza, akabaki mpaka mwisho. Kwa hiyo Jumapili alisikia nusu ya pili tu. Mama wa watu akaunganisha. Jumamosi mwanzo, Jumapili mwisho, picha imekamilika. Hakuna aliyemwambia kwamba jumba lile lilibadilisha picha kila siku.

Mtaniuliza, je, hakushangaa kusikia steringi, yule shujaa wa picha, Jumapili ana sauti nyingine? Alishangaa. Akasema moyoni, kijana amekua, sauti imekomaa. Akaendelea kugeuza mihogo.

Miongoni mwa picha hizo kulikuwa na moja aliyoipenda kuliko zote. Jumamosi moja alisikia kengele ya stesheni, akasikia treni ikiondoka, akasikia mama akiita jina la mtoto, akiita, akiita, mpaka watu wakatoka mapumziko huku wanafuta machozi. Jumapili yake akasikia mlango unafunguliwa, kijana akasema neno moja tu, halafu bibi mmoja akacheka. Jamani, bibi yule alicheka. Alicheka mpaka jumba zima likacheka naye, na Sikudhani kule nje, mwiko mkononi, akacheka pia, kwa kuwa alielewa bila kufasiriwa. Mtoto amerudi. Mama amezeeka akingoja, lakini mtoto amerudi.

Mwaka uleule mwanawe wa pekee, Shaibu, alipanda treni kwenda kutafuta kazi. Aliandika mara chache, kisha akanyamaza. Kulikuwa na asubuhi ambazo Sikudhani hakuona sababu ya kuinuka kitandani. Ndipo alipokikumbuka kicheko kile. Akajiambia, na mimi siku yangu nitacheka vile. Akainuka, akawasha moto, akamenya mihogo. Akamchukua Zawena, binti wa marehemu mdogo wake, akamlea kwa mihogo ileile. Shaibu hajarudi mpaka leo. Ila mama yake hakulala chini, na kila alipoulizwa alipata wapi nguvu, alisema, "Kuna bibi mmoja alinichekea vizuri, namshukuru."

Miaka ikaenda. Sikudhani akawa Bi Sikudhani, na akajiwekea kazi moja ya kujifurahisha uzeeni, nayo ni kuziona kwa macho picha zote alizozisikia kwa masikio. Watu wakaguna. Mwanamke mzima na picha? Lakini watatu hawakuguna.

Wa kwanza ni Zawena, yule aliyelelewa. Mamkubwa wake akaimba wimbo alioukumbuka, au akaigiza mlio wa king'ora, naye Zawena akaanza kutafuta. Alitafuta kwenye simu, akatafuta kwa wauza kanda wa zamani, akapiga magoti kwenye maboksi yenye vumbi, na picha ikapatikana. Bi Sikudhani akashukuru.

Wa pili ni Kitwana, mwenye kibanda cha video cha pale sokoni. Jumamosi alasiri, saa za mpira, vijana wamejaa mlangoni na jezi zao, yeye aliwaambia, "Leo hapa ni kwa Mama. Mpira kautazameni kwingine." Akamwekea kiti cha kuegemea, karibu kabisa na kioo. Bi Sikudhani akashukuru.

Wa tatu ni Mzee Maganga, aliyekuwa mkata tiketi wa jumba lile la zamani. Huyu picha zote alikwisha kuziona mpaka zikamchosha. Aliketi pembeni ya Bi Sikudhani akimnong'oneza, huyu ndiye adui, huyu ni shemeji, yule anayelia ana sababu zake. Bi Sikudhani akashukuru.

Picha ya kwanza tu waliyoiangalia, kosa la Jumamosi na Jumapili likajulikana. Nusu ya pili ilikuwa mambo mengine kabisa. Bi Sikudhani alicheka mpaka akashika mbavu. Wakaendelea hivyo, wiki kwa wiki, wakibishana ipi ifuate, ya mapanga au ya harusi. Lakini kila Zawena aliposema, "Mamkubwa, wiki ijayo tuangalie ile ya stesheni," Bi Sikudhani alijibu, "Hiyo iacheni kwanza." Kwa maana alikuwa na akili zake. Alijua nayo imeungwa, na aliogopa kuuona mshono.

Sasa macho. Bi Sikudhani alikuwa na presha ya macho, ile inayokula mwanga kidogo kidogo na haiurudishi. Jumamosi moja nusu ya kioo ilikuwa ukungu mtupu, na alipogeuka kumtazama Maganga aliona kofia bila uso. Daktari alikwisha kumwambia kwamba dawa zimefika mwisho wake. Basi Jumamosi iliyofuata, walipokutana kibandani, akasema kwa utulivu, "Wanangu, na wewe kaka yangu Maganga, nadhani macho haya yamebakiza picha moja. Leteni ile ya stesheni. Nani anajua mwisho wake?"

Maganga akakohoa, akavua kofia.

"Dada Siku, nilijua siku hii itafika. Ile ya stesheni haina kicheko. Yule mama anangoja mpaka picha inaisha. Mtoto harudi."

Bi Sikudhani alisikia vijana wa mpira wakibishana nje, akasikia feni, akasikia moyo wake.

"Na bibi aliyecheka?"

"Ni wa picha nyingine, ya kuchekesha. Mkwe wake mvivu amefungua mlango, akasema 'nimerudi', akakanyaga vibaya na kukaa ndani ya beseni la unga. Ndiyo bibi akacheka."

Kitwana akatazama chini. Zawena akamshika mamkubwa wake mkono, akingoja kilio. Lakini Bi Sikudhani mabega yalianza kumtikisika, kwanza polepole, kisha kwa nguvu, na kumbe anacheka. "Yaani miaka yote hiyo nimefarijiwa na unga," akasema, huku machozi yakimtoka. "Haya. Nasema ahsante kwa unga. Sasa niambieni, niangalie nini?"

Hapo ndipo walipotofautiana.

Zawena akaanza. "Mamkubwa, angalia ya stesheni, mpaka mwisho wake. Bila mimi isingepatikana, nimeitafuta kuliko zote, na nimeshaitazama peke yangu nikalia. Yule mama ulimwacha mapumziko, ukabeba karai ukaondoka. Anangoja kama unavyomngojea kaka Shaibu. Hajui mwanawe yuko wapi, na bado anaamka, anafagia, anapika. Umesema siku zote unataka kuona ulichokisikia. Hukusikia uongo Jumamosi ile, ulimsikia yeye. Kaa naye basi."

Maganga akatikisa kichwa. "Mwanangu, umesema vizuri, ila mtu haagi dunia ya macho kwa kilio. Dada Siku, angalia ya unga. Unakumbuka ule mlango wa pembeni? Sheria ilikuwa ufungwe picha ikianza. Kila siku ya picha niliuwekea tofali ubaki wazi, nilikaripiwa na bosi, nikauwekea tena, ili wewe usikie. Bila mimi kicheko kile kisingekufikia. Kilichokuinua kitandani si treni, ni yule bibi. Uso wake hujawahi kuuona. Mtu akikusaidia miaka yote hiyo, humwendei hata mara moja ukamtazama usoni ukamwambia ahsante?"

Bi Sikudhani akaguswa sana, kwani habari ya tofali hakuijua. Alidhani mlango umeharibika bawaba.

Kitwana alikuwa akichezea waya. Kisha akasema, "Mama, mimi si msemaji. Mzee Maganga aliwahi kunidokeza habari za picha hizi mbili, nikazichukua kwa Zawena, nikakaa na kompyuta yangu. Nimezikata, nimeziunga pamoja. Stesheni, treni, mama anaita. Halafu mlango, kijana anasema 'nimerudi', bibi anacheka. Beseni la unga nimeliondoa. Hiyo ndiyo picha yako. Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuisikia, na bila mimi isingekuwepo mahali popote ila kichwani mwako. Hizi mbili ni za watu. Hii ni ya kwako."

"Lakini ni uongo, kaka," Zawena akasema.

"Uongo uliokulea wewe," Kitwana akamjibu.

"Uso wa yule mama na uso wa yule bibi si mmoja," Maganga akasema. "Ataona."

"Ataona mama aliyezeeka," Kitwana akasema. "Kwani kungoja hakubadilishi uso?"

Wote watatu wakamgeukia Bi Sikudhani. Yeye aliwatazama kadiri alivyoweza. Zawena alikuwa rangi ya gauni lake, Maganga alikuwa kofia, Kitwana alikuwa kivuli karibu na mashine. Akanyoosha mkono, akawagusa mmoja mmoja, mashavu, bega, kiganja.

"Nilikuwa na mtoto mmoja akapanda treni," akasema. "Leo nina watu watatu wanaogombana niangalie nini. Mungu anipe nini tena? Nawashukuru. Yeyote nitakayemfuata, wawili msinune."

Akaketi kwenye kiti chake, akakisogeza mbele mpaka magoti yakagusa meza. Kitwana akafunga mlango, kelele za mpira zikapungua. Akaweka mkono kwenye kitufe. "Niweke ipi, Mama?"

Na Bi Sikudhani akajibu. Alijibu bila kusita, nami jibu lake ninalo, lakini siwapi, kwa sababu mkishalijua mtaacha kufikiri na kuanza kunisifu. Nawauliza ninyi mlioketi hapo na macho yenu mazima. Kuna mama wa stesheni, aliyeachwa peke yake tangu mapumziko. Kuna bibi wa unga, aliyemwinua mtu asiyemjua na hajawahi kushukuriwa usoni. Kuna na yule mama wa kuungwa, ambaye hakuwahi kuwepo, ila ndiye aliyeishi na Bi Sikudhani. Mwanga uliobaki ulikuwa wa picha moja tu. Je, nani kati yao alistahili kutazamwa?