Kwa Nini Ukungu Hushukia Upenuni

Tunu, mke wa mwanetu Kiondo, ameuliza swali mbele ya watu, nami sipendi swali la mbele ya watu lijibiwe uani kwa minong'ono. Ameuliza kwa nini mama mkwe wake, tuliyemzika leo asubuhi, amefungwa mbeleko mgongoni juu ya sanda. Mbeleko tupu, na fundo limekazwa kifuani kama la mama anayekwenda shamba na mtoto. Wenyeji wote mmeinama, mnamenya ndizi zenu kama hamkusikia. Haya, endeleeni kumenya, lakini masikio niachieni mimi. Mimi ndimi shangazi wa nyumba hii, marehemu alikuwa wifi yangu, na jambo hili nililipokea kwa mama yangu.

Zamani, mlima wetu huu wa Ihundo haukuujua ukungu. Ninyi mmezaliwa mmeukuta, mnadhani ulikuja pamoja na mawe. Haukuwapo. Alfajiri ilikuja kavu na safi, na mtu akifungua mlango aliiona nchi yote ya tambarare kule chini, mpaka vumbi la ng'ombe wanaokwenda kunywa maji. Nyumba zilikuwa za mviringo, za nyasi, mapaa yake yakishuka hadi karibu na ardhi.

Watu wa siku hizo walijua vizuri wafu wao wanakwenda wapi. Juu kabisa, mahali miti inapokoma, kuna mwamba wenye ufa, nao waliuita Mlango. Nyuma ya mwamba huo ndiko wanakokaa wazee waliotangulia, kwa amri ya Mungu, na moto wao, na pombe yao, na ng'ombe wasiougua. Kila mfu alipofika aliulizwa swali moja na Babu wa Kwanza, yule aliyewaleta watu hapa mlimani. "Wewe ni wa nani?" Naye alijibu kwa kuwataja baba zake mmoja baada ya mwingine, mpaka amfikie Babu mwenyewe. Hapo mwamba ulifunguka akaingia. Ndiyo maana watoto walifundishwa kutaja ukoo kabla ya kufundishwa kushika jembe.

Lakini mtoto hakupewa jina mpaka aote jino. Kabla ya hapo aliitwa Mgeni tu, kwa kuwa wageni wengi huja na kuondoka. Na Mgeni akifa hakutolewa kwa mlangoni. Walitoboa tundu ukutani, nyuma ya nyumba, wakampitishia hapo, wakaenda kumzika ng'ambo ya kijito. Waliporudi waliliziba lile tundu kwa udongo na samadi, wakausawazisha ukuta hata usijue palikuwa na kitu. Walisema kifo kikipita mlangoni kitaikariri njia, kitarudi kuchukua mwingine. Mama alikatazwa kulia. Msiwatukane watu hao. Walikuwa na hofu, na nani kati yetu hajafanya jambo la kipumbavu kwa kuwahofia wanawe?

Basi palikuwa na mwanamke aitwaye Nakijwa, mke wa Senkondo. Alikuwa mpole, mtu wa kazi, wala hakuwa na makuu. Alijifungua mtoto wa kike, akamnyonyesha, akambeba kwa mbeleko ya ngozi ya mbuzi aliyoilainisha kwa mikono yake. Mtoto akaugua homa, akafa kabla ya jino. Wakatoboa ukuta, wakampitisha, wakaziba. Nakijwa alitazama yote hayo akiwa ameuma mdomo, wala hakutoa sauti, kwa kuwa ndivyo alivyofundwa.

Alfajiri iliyofuata maziwa yalimtoka yenyewe, yakamlowesha kifua chote. Mama yeyote aliyenyonyesha anajua jambo hili, na wanaume mtatuamini tu: maziwa yakitoka hivyo, mtoto analia. Nakijwa akaketi kitandani, akasikiliza. Hakusikia kitu. Kesho yake yakatoka tena, saa ile ile, na keshokutwa vivyo hivyo. Akamwamsha mumewe.

"Baba, mtoto wetu hajafika. Yuko nje, analia."

"Umechoka, mama," Senkondo akamwambia. "Wafu hawalii. Lala."

"Kama halii, maziwa haya yanamwitikia nani?"

Senkondo akageukia ukutani. Nakijwa akaenda kwa mzee Mbonea, aliyekuwa mkuu wa matambiko wa mlima wote, mtu ambaye hata chifu alivua ndara mlangoni pake. Akamsalimu kwa kupiga goti, akamuuliza, "Babu, wafu wakifika Mlangoni huulizwa nini?" Mbonea akamweleza, ingawa alishangaa, maana ni jambo ambalo hata mchunga mbuzi alilijua. Nakijwa akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na asiye na jino, asiye na jina, asiyejua kusema hata 'mama', yeye hujibu nini?"

 Mzee alikuwa amewazika wachanga wengi, na baadhi yao walikuwa wajukuu zake. Machozi yakamlengalenga. "Mwanangu," akasema, "hilo hatukuwahi kuliuliza."

Hapo Nakijwa hakurudi nyumbani. Alikuwa na mbeleko yake mgongoni, tupu, kwa mazoea tu, na ndivyo alivyoshika njia ya kupanda. Mtu alikatazwa kwenda kule akiwa hai. Alipita mashamba ya mwisho, akapita msitu wenye miti ambayo watu wanne hawawezi kuikumbatia, akatokea penye nyasi za baridi, mahali hata ndege hawapigi kelele. Jua lilikuwa limepanda, lakini halikuwa na joto. Aliogopa. Hata hivyo kila alipotaka kugeuka, kifua kilimjaa maziwa tena, akaendelea.

Alipoufikia mwamba, aliona kitu ambacho macho ya mtu hai hayakuwahi kukiona. Mbele ya ufa, chini, palikuwa na weupe. Haukuwa moshi, maana haukuwa na harufu, wala haukuwa maji, maana ulikuwa unapumua. Ulijaa uwanja wote wa Mlango, ukajikunja kwenye mawe, ukasukumana kidogo kidogo kuelekea ufani na kurudi. Nakijwa akasimama. Kisha sehemu ndogo ya weupe ule ikamgusa mguuni, ikamshika kifundo, baridi na laini, vile vile anavyoshika mtoto anayejaribu kusimama. Ndipo akajua. Walikuwa watoto. Walikuwa watoto wote wa mlima waliokufa kabla ya jino, tangu watu wa kwanza walipojenga hapa. Hawakuweza kuingia kwa wazee kwa kuwa hawakuwa na la kujibu, na hawakuweza kurudi nyumbani kwa kuwa njia waliyotokea ilizibwa.

Nakijwa, aliyekatazwa kulia, alilia hapo kwa sauti mpaka mwamba ukaitika.

"Wewe ni wa nani?" sauti ikauliza kutoka ndani. Mama yangu akisimulia hapa alikuwa akinyamaza kwanza, nami naomba mninyamazie.

Nakijwa akawataja baba zake bila kukosea, mmoja baada ya mwingine, mpaka akamtaja aliyekuwa anamuuliza. Mwamba ukafunguka kiasi cha mtu kupita. Joto likamjia usoni, na harufu ya nyama ya kuchoma, na vicheko vya watu wazima. Alimsikia mama yake mzazi akiimba mle ndani. Hatua moja tu ilibaki.

"Sikuja kuingia," akasema. "Nimekuja kumsemea mwanangu."

"Jina lake nani?"

"Hakuwa na jino, Babu."

"Asiye na jina nitamwitaje? Nionyeshe basi. Ni yupi kati ya hao?"

Nakijwa akautazama ule weupe. Hakumjua wake. Alitazama na kutazama, akitafuta sikio, au kidole, au kile kipaji cha uso alichokipaka mafuta kila asubuhi, lakini wote walikuwa sawa. Angeweza kunyoosha kidole popote, mmoja angeingia, naye angerudi akijidanganya kuwa ni wake. Maziwa yalikuwa yakimtoka, yakidondoka kwenye mawe, na kila yalipodondokea weupe ulikusanyika.

"Ni wote," akasema. "Wote ni wangu. Mimi nawajibia wote."

Kule ndani vicheko vikakoma. Mlima ukatikisika kidogo, mpaka vyungu vikagongana kwenye nyumba za kule chini. Babu wa Kwanza alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imebadilika, ilikuwa sauti ya mzee tu.

"Nilipoiweka amri hii nilikuwa na mvi tayari," akasema. "Tulioingia pamoja sote tulikuwa wazee. Nilisahau kwamba kuna wanaokufa wadogo. Wake zetu humu wanawasikia wakilia kila alfajiri, wanatulaumu, na Mlango huu haufunguki kwa aliye ndani." Kisha akasema, "Neno lako nimelipokea, na Mungu amelisikia. Wachukue, uwashushe. Kila alfajiri kila mmoja ataijua nyumba ya mama yake, ataota moto wake, kisha atapanda tena. Na mama huyo atakapokuja kwangu kwa zamu yake, na aje na mbeleko mgongoni. Nitamuuliza yeye peke yake. Aliye mgongoni haulizwi."

Mwamba ukajifunga. Nakijwa akageuka, akaanza kushuka, na weupe wote ukamfuata.

Watu wa kijijini walikuwa mashambani walipouona mlima ukimwagika. Hawakuwahi kuona ukungu, kumbukeni hilo. Waliona kitu cheupe kikimeza msitu, kikimeza mashamba ya juu, bila sauti, na mbele yake mwanamke mmoja anatembea. Wengine walikimbia, wengine wakajifungia ndani. Nakijwa akapaza sauti yake aliyofundishwa kuificha, "Fungueni! Fungueni milango! Ni wanenu!"

Wa kwanza kufungua alikuwa bibi kizee mmoja ambaye jina lake halikuhifadhiwa. Alisimama kizingitini, ukungu ukaja ukaingia chini ya paa lake, ukamlowesha shingo na kifua. Akajishika pale, mahali mtoto hulaza kichwa. "Ni huyu," akasema. "Ni huyu wangu." Akakaa chini akacheka na kulia kwa pamoja. Milango ikaanza kufunguliwa mmoja mmoja. Senkondo alikuwa nyuma ya nyumba yake. Alichukua jembe akaubomoa ukuta mahali pale palipozibwa, kisha akaendelea kuupapasa udongo kwa mikono, naye akilia waziwazi, mwanamume mzima.

Miaka ikapita. Nakijwa alizeeka, na siku ya kufa kwake akaomba afungwe mbeleko ile ile ya ngozi. Wanawake waliomfunga walisema fundo lilijikaza lenyewe, kwa uzito.

Na tangu siku hiyo mchanga hapitishwi ukutani wala hapelekwi ng'ambo ya kijito. Huzikwa upenuni, pale maji ya paa yanapodondokea, asipate shida ya kuitafuta nyumba. Na tangu siku hiyo ukungu hushuka mlimani kila alfajiri, ukakaa chini ya mapaa mpaka jua lipande. Kwetu hatufagii uwanja wakati huo, hatupigi kelele, na mlango tunauacha wazi hata kama baridi inauma. Ndiyo maana, Tunu, wiki ile ya harusi yako marehemu alikunyang'anya fagio. Ulisema mama mkwe ana roho mbaya. Nilikusikia.

Wewe Sefue, kaka yake Kiondo, nakuona umeacha kumenya. Tangu utotoni unajiita kifungua mimba wa nyumba hii, nasi tulikuacha ujitape. Ulikuwa na dada. Yuko pale upenuni unapoegesha baiskeli yako. Mama yako aliisogeza kila jioni maisha yake yote, nawe kila asubuhi ukamgombeza. Hakukuambia kwa sababu hakutaka uone aibu. Leo asubuhi nilimfunga mbeleko kwa mikono yangu. Juu ya fundo sitasema kitu.

Nini tena, Tunu? Sema, mwanangu, usiiogope sauti yako. Kwamba mtoto wako mchanga alibaki Pangani, kwa mume wako wa kwanza, akazikwa mchangani karibu na bahari, na hapa hana upenu wala nyumba anayoijua. Tena umekaa nalo muda wote huo, unapika, unacheka na sisi.

Weka kisu chini, uje hapa. Nakijwa alipoulizwa ni yupi, hakuuliza nani kazikwa wapi. Alisema wote. Kesho alfajiri usishike fagio. Nitakuja kukugongea, na mlango tutaufungua pamoja.