Bibi Aliyezaliwa Ijumaa

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati mawingu yalipokuwa yakipita juu ya nyumba za watu bila kubisha hodi, palikuwa na nchi maskini iitwayo Ukavuni. Vumbi lake lilikuwa laini na jekundu. Jioni liliinuka taratibu, likaning'inia hewani, na miti yote ikaonekana imesinzia.

Humo aliishi Digidigi na mama yake mzazi, kikongwe aliyeishiwa nguvu za miguu. Kijiji kizima kilimwita Bibi. Wanyama wadogo walikuwa wamechimba lambo katikati ya kijiji, wakingoja mvua, na mvua haikuja. Maji yalibaki kwenye bwawa la nyuma ya mlima, na wenye uwezo wa kuyabeba walikuwa wakubwa tu. Basi wadogo wakakata shauri: lambo lisipopata maji wiki hii, tunahama. Digidigi alijua Bibi hawezi kuhama, na kila alipomtazama moyo ulimuuma.

Ikapigwa mbiu ya msaragambo, kila mmoja aje abebe maji kwa faida ya wote. Mzee Tembo akasema mgongo unamsumbua. Bwana Kiboko akasema ana msiba ukweni, ingawa ukweni kwake hakuna hata aliyekohoa. Hao ndio wakubwa, wanangu. Nguvu wanazo, visingizio wanavyo zaidi.

Digidigi hakubishana nao. Alikaa kizingitini akimsikiliza mama yake, ambaye alifumba macho na kusimulia mvua za usichana wake, zilivyonyesha asubuhi hadi jioni na watoto wakalala kwa sauti ya mvua. Ndipo wazo likamjia, polepole, kama usingizi unavyokuja. Kesho yake akapita nyumba hadi nyumba akialika watu: Ijumaa ni siku ya kuzaliwa ya Bibi, kutakuwa na ngoma na keki ya mtama.

Mgongo wa Tembo ukapona papo hapo. Kiboko akaahirisha msiba.

Ijumaa walimkuta Bibi amevaa kanga mpya, amekalishwa juu ya jiwe katikati ya lambo kavu. Keki ilikuwa pembeni, imefunikwa kawa. Tembo akauliza mbona haikatwi.

"Mila ni mila, mzee wangu," alisema Digidigi kwa unyenyekevu. "Mwenye siku yake si humwagiwa maji kwanza? Akishalowa ndipo tunakata. Ila sisi maji hatuna, tunaona haya. Sijui kati yenu ni nani..."

Akamtazama Kiboko, kisha akamtazama Tembo.

Haikuhitajika zaidi. Tembo alikwenda bwawani akarudi na mkonga umejaa: shaaa! Kiboko akaja mashavu yametuna: pwaa! Digidigi akawasifu wote, kisha akamnong'oneza huyu kwamba mwenzake amemwaga mengi zaidi, akamnong'oneza na yule vivyo hivyo. Wakaanza kukimbizana mlimani, kwenda na kurudi, ngoma ikilia chinichini.

Vumbi likatulia. Harufu ya udongo uliolowa ikajaa kijiji kizima, na wadogo wakasimama ukingoni kimya, wakiogopa kuwa wanaota. Juu ya jiwe lake Bibi aliimba wimbo wa mvua, macho amefumba. Maji yakamfika visigino, yakamfika magoti.

Tembo ndiye aliyeshtuka kwanza. Alisimama akihema, akalitazama lambo lililojaa.

"Digidigi, hii si sherehe. Huu ni msaragambo."

"Ni yote mawili, mzee wangu. Karibu keki."

"Na Bibi amezaliwa lini hasa? Sema kweli."

Aliyejibu ni Bibi mwenyewe, amelowa chapachapa.

"Sijui, mjukuu wangu. Waliokuwapo nilipozaliwa wamekwisha kufa wote, hakuna wa kumuuliza. Hata kesho yaweza kuwa ndiyo siku yenyewe."

Tembo akafunua kawa, akakata keki, akamlisha Bibi kipande cha kwanza kwa mkonga wake, na kuuliza kwa sauti ya chini kesho waje saa ngapi.

Ndiyo hivyo, wanangu: mkubwa ukimwita kazini atakuonyesha mgongo unaouma, mwite karamuni uone atakavyobeba.