Kurasa za Mjomba

Mficha uchi hazai. Anayeona haya kuonyesha upungufu wake hujifungia mwenyewe mlango wa msaada.

Mjomba alijifunza kompyuta ukubwani, katika darasa la jioni, miwani puani na sala moyoni. Mpwa wake, mshona mabegi, alimkabidhi duka lake la mtandaoni ili wanaotafuta mabegi kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa walione.

"Kurasa za Kiswahili na Kiingereza nitazikagua mwenyewe," mpwa alisema. " Kifaransa unakiweza, Mjomba?"

"Nakinywa kama maji," alijibu, na kumbe alijua salamu tu.

Kurasa za Kifaransa alizitafsiri kwa programu. Mwalimu wa lile darasa la jioni alikuwa amewaonya wanafunzi kwamba ukurasa ambao haujasomwa na mjuzi wa lugha ufichwe kwanza, mitambo ya utafutaji isiuone. Mjomba akaweka alama ya kuficha. Ikabaki kumtafuta msomaji. Lakini angeanzaje kumwomba mtu, naye alishajigamba? Akaziacha kurasa zimefichwa.

Miezi mitatu ikapita bila mteja hata mmoja wa Kifaransa.

"Labda mabegi yangu hayapendezi," mpwa alisema. Ili apate fedha, akaamua kuuza cherehani ya pili, ile aliyoachiwa na marehemu mama yake, dada wa Mjomba.

Siku mnunuzi alipokuja, Mjomba alisimama mlangoni akisali kimoyomoyo. Alipofungua kinywa, cherehani ilikwisha kufungwa kamba garini na gari limeondoka.

"Kosa ni langu," alisema, akaeleza yote.

Mpwa akasema: "Mjomba, jirani yetu muuza vitambaa anaongea Kifaransa tangu utotoni. Ungesema tu."

Jirani alizisoma kurasa zote mchana mmoja. "Mzee wangu, hapa unauza migongo, si mabegi ya mgongoni," alisema akicheka. Mjomba hakucheka. Alisahihisha, akaondoa ile alama ya kuficha.

Wiki ya tatu ikaingia oda ya mabegi arobaini, imeandikwa kwa Kifaransa. Mpwa aliyashona kwa cherehani moja, mgongo ukimuuma, kando ya alama nne zilizoachwa sakafuni na miguu ya cherehani iliyouzwa. Mjomba alikaa chini akikata nyuzi. Alikwisha kumwomba Mungu msamaha, lakini kumtazama mpwa wake usoni bado hakuweza. Hakika, mficha uchi hazai.